Nyimbo tisa, kisa kimoja

SWALI: Shikamoo mhariri. Bendi yetu ya roki hapa Mwanga, Kigoma, ina albamu ya mvuvi aliyeiba wavu wa nduguye, akasutwa na dhamira, mwishowe akasamehewa. Wasikilizaji wanasema hawaoni kisa kimoja. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Maneno peke yake hayatoshi. Tungeni kipande cha gitaa cha noti nne, kipigwe pale anapokata kamba ya wavu. Kirudi kila dhamira inapomsuta: mara kwa besi, mara kikikatika kwenye noti ya tatu. Kikamilike kwenye msamaha tu. Wizi uwe kwenye ufunguo wa A maina, wenye sauti ya huzuni, msamaha C meja, wenye sauti ya furaha. Noti ni zilezile saba, makao, yaani noti ambayo wimbo hutulia, ndiyo yamehama, na masikio yatalijua hilo.

Wengi huukimbilia msamaha. Hatia ipeni nyimbo nne au tano, la sivyo msamaha utakuwa wa bure.

Nyimbo zinazoungana zirekodini kwa mfululizo, kisha fundi azikate, nafasi kati yake iwe sekunde 0. Atoe faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, kwani MP3, iliyobanwa, huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni, na kiungo kitasikika kimekatika.