"Anadaiwa" kwenye habari

Swali: Mhariri naomba msaada, kila siku nasoma "anadaiwa kuiba", sasa huyu mtu ana deni au ni mwizi?

Jibu: Deni halipo hapo ndugu yangu. Kudai ni kutaka chako, ila pia ni kusema jambo ambalo bado halijathibitishwa, ndo maana angalia neno linalofuata: "anadaiwa hela" ni deni, "anadaiwa kuiba" kuna kitenzi, hiyo ni tuhuma tu, mahakama haijasema kitu. Kinachoniuma mimi ni kichwa cha habari kuandika "Mwizi akamatwa" halafu "anadaiwa" unaikuta huko chini aya ya tatu, wakati wasomaji wengi wameishia juu na mtu wa watu keshahukumiwa.