Koyote Ameshakufa. Mzoga Unaupeleka Wapi?

Juzi usiku, saa tano hivi, simu yangu ilitetemeka juu ya meza. Rafiki yangu Mtanzania, aliyehamia viungani mwa Fort Worth mwaka jana na kuanza kufuga mbuzi, alikuwa amenitumia picha: koyote amelazwa nyuma ya pikapu, ulimi nje, mkia unaning'inia. Chini yake aliandika, "Kaka, nimempata. Sasa huyu namfanyaje?"

Swali lake lilinifurahisha kuliko picha. Sisi tuliokuja kufuga huku Texas tunafundishwa mengi kuhusu kumwinda koyote: kaa upepo ukikupiga usoni, puliza filimbi inayolia kama sungura aliyebanwa, subiri. Sheria za jimbo nazo hazimbani mfugaji. Koyote hana msimu wa kuwindwa wala idadi ya mwisho. Lakini ukishafyatua, umebaki na kilo 14 za mzoga gizani, na hakuna aliyekuambia cha kufanya. Mimi nilijifunza kwa hasara, kwa hiyo nilimpigia papo hapo.

Kwa wasiomjua: koyote ni kama bweha wa kwetu, ila ana mwili mkubwa kidogo, rangi ya kijivu iliyochanganyika na wekundu, na akizoea zizi lako atakumalizia wanambuzi mmoja mmoja.

Msimu wangu wa kwanza wa mbuzi kuzaa nilimuua mmoja mwezi wa Januari. Jirani yangu, mzee wa hapa aliyefuga maisha yake yote, alinishauri nimtundike kwenye waya wa uzio kando ya barabara. Ni mila ya huku. Utaendesha gari mashambani uone mizoga mitano sita imening'inia kichwa chini. Wanasema wenzake wakiona wataogopa. Kwake nimeshaona nyayo mbichi za koyote kwenye tope, chini kabisa ya huyo aliyetundikwa, kwa hiyo sijui anayeogopa ni nani.

Sikumtundika. Nilifanya ujinga wa aina nyingine. Nilimburuta hadi kwenye kona ya malisho, nikamwacha chini ya mti wa mesquite, kama hatua mia kutoka mahali mbuzi wangu wanapozalia. Nikajiambia, kwetu fisi wangemmaliza kabla ya alfajiri, na huku watakuwepo wa kumla.

Walikuwepo. Asubuhi alitangulia tumbusu mwenye kichwa chekundu, anaruka chini chini huku akipepesuka kama mlevi. Huyo hana shida sana. Ananusa mzoga akiwa angani na hula kilichokufa. Shida ni kwamba tumbusu weusi, ambao pua zao si kali, humchunga yeye anakotua. Siku ya pili nilihesabu weusi 20 juu ya nguzo za uzio. Koyote aliisha, ikabaki ngozi na mbavu, lakini wao hawakuondoka. Siku ya tatu mbuzi mmoja akaanza kuzaa mapacha. Wa kwanza alikuwa bado hajasimama, mama amegeuka anasukuma wa pili. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Niliposikia yule mama analia nikakimbia na sufuria mkononi, nikakuta mtoto yungali hai, macho yote mawili yametolewa na ulimi umenyofolewa. Nilimmaliza mwenyewe.

Na huwezi kuwapiga risasi hivi hivi. Tumbusu hao wanalindwa na sheria ya Marekani ya ndege wanaohama, ya tangu 1918. Kumuua kunahitaji kibali. Kwa hiyo nilikuwa nimemuua mwizi mmoja nikawaalika ishirini wenye kinga ya serikali.

Tangu hapo, mahali pa mzoga napaamua kabla sijatoa bunduki.

Nilimwambia rafiki yangu aanze na hili: usimshike kwa mikono mitupu, na usiwe na haraka. Mnyama akipoa, viroboto wake wanahama kutafuta mwili wenye joto, na mwili wa karibu ni wako. Katika majimbo ya magharibi viroboto hao huweza kubeba tauni, ile ile ya kwenye vitabu vya historia. Mwache apoe, vaa glavu za mpira, mtie kwenye mifuko miwili ya taka ile minene, funga. Mweke nyuma ya pikapu, usimwingize ndani wanakokaa watoto.

Kisha nikamuuliza, "Alikuwaje kabla hujampiga?" Kama alikuwa anayumba mchana kweupe, au amepigana na mbwa wako, habari inabadilika kabisa: usimfukie. Mpigie daktari wa mifugo au idara ya afya ya kaunti, kwa sababu kichaa cha mbwa hupimwa kwenye ubongo. Ndiyo maana koyote wa hivyo hapigwi kichwani. Mzoga unawekwa kwenye barafu ili uwe baridi, ila usigande. Kusini mwa Texas kichaa kilienea kwa koyote hadi serikali ikaanza, mwaka 1995, kudondosha chambo za chanjo kutoka angani. Aina ile ya virusi ilitokomezwa, lakini popo na vicheche bado wana aina zao, na koyote anaweza kuipata kwao.

Wake alikuwa mzima, akasema. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye filimbi.

"Mbwa wako wako wapi?"

"Wako hapa wanamnusa."

"Wafunge!"

Hapa nilipandisha sauti. Mbwa wa kulinda mbuzi akila koyote anaweza kuokota upele na minyoo. Aliyekulia Turkana au aliyewahi kufanya kazi huko anajua tegu wa mbwa anavyoweza kumfanya binadamu: vifuko vya maji vinaota kwenye ini na mapafu, na miaka mingi madaktari wa shirika la afya la AMREF wamekwenda huko kuwapasua watu. Koyote naye hubeba tegu wa ukoo huo. Mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya ya nyuma, hayaonekani kwa macho, na sabuni hayaiogopi. Glavu, kuosha mikono kwa maji mengi, na mbwa wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba.

Jambo jingine ni risasi yenyewe. Kiswahili kimeliweka wazi: madini na kile kinachofyatuliwa tunaviita jina moja. Risasi ikigonga mfupa inasambaratika vipande vidogo kama punje za chumvi, na tai akila mzoga huo anapata sumu. California ilikataza kabisa kuwinda kwa risasi za madini hayo kuanzia 2019. Texas hawajakataza, lakini mimi nilihamia za shaba. Ni ghali zaidi, kweli.

Ngozi? Hapa Texas manyoya ni haba kwa sababu ya joto, na soko lilianguka. Kampuni ya Canada Goose, waliokuwa wakiyatumia kwenye kofia za makoti yao, waliacha kununua manyoya mwishoni mwa 2021. Ukitaka kumchuna kwa ajili ya ukutani, sawa, ila uliza leseni kabla ya kuuza.

Kufukia ni kuzuri, kama una udongo. Futi tatu kwenda chini, mbali na kisima na mkondo wa maji, na mawe juu ili mbwa wasifukue. Kutupa kwenye mtaro wa barabara ni kosa la kisheria, usijaribu.

Rafiki yangu akachukua sururu. Baada ya dakika ishirini akapiga tena, anahema: "Kaka, huu si udongo, ni saruji."

Basi nikampa njia yangu. Wakata miti huku hutafuta mahali pa kumwaga vipande vya mbao, na wengi watakuletea lori zima bure. Upande wa shamba ulio mbali na mbuzi, palipoinuka, tandaza vipande hivyo hadi magotini. Mlaze koyote katikati, mtoboe tumbo ili asivimbe, mfunike kwa vipande vingine hadi magotini tena, pande zote. Ukiona mguu umetokeza, ongeza. Zungushia waya. Ndani kutapanda joto hadi zaidi ya nyuzi 55, na ukisimama kando hunusi kitu zaidi ya mbao zilizolowa. Tumbusu wa kichwa chekundu wanapita juu wakiendelea na safari.

Koyote mwingine, niliyemweka humo Januari, nilimfukua Juni kwa uma wa nyasi. Nilikuta fuvu, meno meupe, mifupa michache mirefu iliyovunjika kwa vidole, na kipande kimoja cha shaba kilichojikunja kama ua. Mifupa niliirudisha kwenye lundo. Kile cha shaba kiko dirishani jikoni, karibu na sufuria ya chai.