Jibu: Sanamu ya jiwe yenye mabaka meupe

Salaam ndugu wa Ujiji. Umeuliza kama sanamu yako ya mama na mtoto, ya jiwe jeusi, ina thamani, na mabaka meupe yatolewe vipi.

Igeuze kwanza. Kwaruza kitako kidogo kwa ukucha. Kikitoa unga laini, hilo ni jiwe la sabuni, kama la Kisii. Kikigoma, huenda ni serpentini, jiwe gumu zaidi wanalolipenda wachongaji wa Zimbabwe. Wao hulipasha jiwe moto ndipo wapake nta, na nta ndiyo huleta ule weusi. Kwa hiyo mabaka mara nyingi ni nta iliyokwisha, jiwe lenyewe zima.

Futa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Siki na sabuni ya unga, hapana. Ikauke kabisa, paka nta nyembamba isiyo na rangi, iache dakika 20, sugua kwa flana. Mawese usithubutu! Yananata na kunasa vumbi.

Bei haipimwi kwa picha. Tafuta jina la mchongaji lililochongwa karibu na kitako, halafu mulika tochi kwa ubavu shingoni na mikononi: mstari unaong'aa ni gundi, na hapo bei hushuka sana.