Imeji ya Koha kwa ajili ya shule: mambo ya kufanya kabla hujaipandisha

Mkuu, umeuliza kama inatosha kusimika Koha (programu huria ya kuendeshea maktaba) kwenye Debian (aina ya Linux) ndani ya VirtualBox (programu ya kuendeshea kompyuta pepe), ukaitoa kama OVA, yaani imeji: faili moja lenye kompyuta pepe nzima, na kuipandisha mtandaoni ili wakutubi wa shule waipakue na kuanza kazi. Kama ni ya mtu kujaribia tu kwenye laptopu yake, inatosha. Kama shule itaandikisha humo wanafunzi wa kweli, bado una kazi.

Nina mazoea ya kuzipekua imeji za watu kabla sijaziwasha. OVA ni tar tu, ndani yake kuna faili la maelezo la OVF na diski ya VMDK. Ukiipachika diski hiyo kwa guestmount, zana ya kufungulia diski za kompyuta pepe, unasoma kila kitu, huulizwi nywila. Moja niliyowahi kuifungua ilikuwa na .bash_history (kumbukumbu ya amri zilizowahi kuandikwa) ya root, yaani msimamizi mkuu, na humo amri ya kuingilia hifadhidata yenye nywila kwenye mstari uleule. Kwenye .ssh/authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwa SSH (njia ya kuendesha mashine kutoka mbali), ulikuwemo ufunguo wa fundi mwenyewe. Yaani kila aliyeiwasha imeji ile na kuiacha SSH wazi, fundi yule angeweza kuingia kwenye mashine yake. Sidhani alikusudia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo siri zote zizaliwe kwa mtumiaji, si kwako. Kwa Koha hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: simika kifurushi cha koha-common, ishia hapo. Amri ya koha-create ndiyo inayotunga nywila ya hifadhidata na kuiandika kwenye faili la mipangilio la koha-conf.xml, basi iache iendeshwe mashine inapowaka mara ya kwanza. Ukiiendesha wewe kwanza, shule zote zitarithi nywila moja, kama mtaa mzima uliofungwa kufuli za ufunguo mmoja.

Futa pia /etc/ssh/ssh_host_* (funguo zinazoitambulisha mashine kwenye SSH), lakini usitegemee Debian izirudishe yenyewe, hivyo weka huduma ndogo ya systemd (mfumo unaoanzisha huduma za Linux) iendeshe ssh-keygen -A, inayotengeneza funguo mpya, kabla SSH haijaanza. Faili la /etc/machine-id, lenye kitambulisho cha mashine, liache tupu. Kwenye mifumo inayotumia systemd-networkd kusimamia mtandao, mashine mbili zenye kitambulisho kimoja zinaweza kugombea anwani moja ya IP, na mkutubi hatajua hata aanzie wapi. Zana ya virt-sysprep inakufanyia sehemu kubwa ya usafi huu.

Halafu rm haifuti data kwenye diski, inaondoa jina tu. Pitisha virt-sparsify: mabaki yanatoweka na faili linapungua. Bando si la kuchezea, na wengi watalibeba kwa flashi kutoka shule hadi shule.

Jumla ya SHA-256 (namba ya kuhakiki kuwa faili halijabadilika) weka, ila usiitegemee peke yake. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, aina nyingine ya Linux, ilidukuliwa na waliopakua wakaelekezwa kwenye ISO (faili la kusimikia mfumo) yenye mlango wa nyuma. Anayeweza kubadilisha faili anaweza pia kubadilisha namba iliyo pembeni yake. Saini faili kwa GPG, zana ya saini za kidijitali, na ufunguo wako wa umma uutangaze kwingine pia.

Leseni kwa kifupi: Koha iko chini ya GPL toleo la 3, leseni ya programu huria, na ukigawa programu iliyokwisha kujengwa unawajibika kutoa na msimbo chanzo wake. Hifadhi orodha ya vifurushi na matoleo yake. Vya Debian vya zamani vinapatikana snapshot.debian.org.

Kinachoua imeji nyingi ni uzee. Koha hutoa matoleo ya marekebisho takribani kila mwezi, kwa hiyo imeji ya mwaka jana inamfikia mtu ikiwa na matundu ya usalama yanayojulikana. Andika tarehe kwenye jina la faili, washa unattended-upgrades (inayosasisha mfumo bila kusubiri mtu), na ijenge kwa skripti, iwe ya Packer (zana ya kujengea imeji) au hata bash ya kawaida, ili kuitoa upya isikuchukulie wikendi nzima. Kama huna mpango wa kuitoa upya, gawa skripti peke yake. Ukiwa na skripti tayari ibandike hapa tuipitie kabla hujapandisha chochote.