Northwich: ni chumvi, si tetemeko

Ukiona nyumba zilizoinama kwenye picha za zamani za Northwich, mji wa Cheshire, Uingereza, unaweza kudhani ni tetemeko la ardhi. Hapana, zilititia kwa sababu ya chumvi. Mwamba wa chumvi uligunduliwa hapo jirani, Marbury, mwaka 1670, lakini balaa lenyewe lilikuja karne ya 19, pampu zilipovuta maji ya chumvi kutoka chini kwa wingi. Maji yasiyo na chumvi yakaingia, yakayeyusha hata nguzo za chumvi zilizoachwa kushikilia dari la migodi ya zamani, ardhi ikabonyea na maduka yakazama nayo. Ndiyo maana majengo mengi ya katikati ya mji yana fremu za mbao: yakititia, yanainuliwa kwa jeki. Sheria ya fidia ilipitishwa 1891, na ilihitajika sana, maana mwenye nyumba angethibitishaje ni pampu ya nani iliyomwangushia ukuta?

Ila usiichanganye na Winsford ya jirani. Huko mwamba unachimbwa mkavu hadi leo, na chumvi yake humwagwa barabarani wakati wa barafu.