Bei ya Windows na Office ni ya haki kwa mnunuzi? Angalia kwanza kama ana pa kwenda

Mkuu umeuliza kama Microsoft inatuonea, maana kompyuta zinashuka bei lakini Windows haishuki. Wengi wamekujibu kwa kulinganisha tu: Windows 11 Home ni dola 139, Pro dola 199, mbona simu ni ghali kuliko hapo. Hesabu hiyo haitufikishi popote. Programu ikishaandikwa, nakala ya ziada haigharimu karibu chochote, kwa hiyo gharama ya kutengeneza haitoshi kukuambia bei ipi ni ya haki. Kinachopimika ni jinsi bei ilivyopangwa, na kama mnunuzi angeweza kuondoka.

Jambo hili liliwahi kuchambuliwa mahakamani hadi ndani. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa ukiritimba Mei 1998, na Novemba 1999 Jaji Thomas Penfield Jackson akaeleza ushahidi ulithibitisha nini. Utafiti wa kampuni yenyewe wa Novemba 1997 ulionyesha kwamba Windows 98, kwa mtu anayepanda kutoka toleo la zamani, ingeweza kuuzwa dola 49, na jaji hakuona sababu ya kuamini kwamba bei hiyo ingeleta hasara. Ila dola 89 ndiyo ingeingiza mapato makubwa zaidi, na ndiyo iliyochaguliwa.

Kuna la pili ambalo watu hawalitaji sana, na kwangu ndilo zito. Muda mfupi kabla ya Windows 98 kutoka, Microsoft iliwapandishia watengenezaji wa kompyuta bei ya Windows 95 hadi ikalingana na ya toleo jipya. Penye ushindani, mzigo wa zamani hushuka bei au hubaki ulipo mpya unapoingia. Ukiona unapanda, ujue muuzaji hana wa kumwogopa.

Utetezi nao ulikuwa na hoja ya maana. Richard Schmalensee, mchumi wa MIT, alisema mhodhi, yaani muuzaji aliyeshika soko peke yake, anayetafuta faida ya haraka angeuza Windows kwa bei ya juu mara nyingi zaidi, kwa sababu ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nzima na kuipandisha kusingepunguza sana mauzo. Kweli, hawakukamua mpaka mwisho. Lakini kampuni iliyoshika soko ina sababu ya kujizuia leo: kila kompyuta mpya yenye Windows inavuta waandishi wa programu, programu zikijaa upande mmoja mshindani hapati pa kuingilia, na faida inaendelea kuvunwa kwa miaka, ikiwemo kupitia Office. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilifuta amri ya jaji ya kuigawanya kampuni, ila ilikubali kwamba ukiritimba ulilindwa kwa njia haramu. Sheria ya Marekani haikatazi bei kubwa yenyewe, inakataza mbinu za kuwafungia wengine nje. Ndiyo maana mnunuzi anaweza kulipa zaidi miaka mingi bila kesi yoyote.

Ulaya walijaribu dawa nyingine mwaka 2004: faini ya yuro milioni 497 na amri ya kutoa Windows isiyo na Media Player, programu ya kuchezea muziki na video. Ikatolewa, bei ileile. Karibu hakuna aliyeinunua.

Sasa tuje kwenye bei inayokuuma leo, ya Microsoft 365, yaani Office ya kulipia kila mwaka. Januari 2025 bei ya mwaka nchini Marekani ilipanda, Personal kutoka dola 69.99 hadi 99.99 na Family kutoka 99.99 hadi 129.99, kwa sababu Copilot, msaidizi wa akili bandia, iliongezwa ndani. Mpango wa zamani usio na Copilot, unaoitwa Classic, ulibaki kwa bei ya zamani kwa waliokuwa wateja tayari. Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya Australia, ACCC, iliishtaki Microsoft ikidai wateja wapatao milioni 2.7 hawakuelezwa kwamba mpango huo upo, na kwamba ulionekana tu kwa aliyeanza kujitoa. Hapa mimi sisiti kusema si haki. Bei inaweza kuwa halali, lakini mteja hawezi kuchagua kitu alichofichwa.

Kwa hiyo kabla hujalipa tena, ingia kwenye account.microsoft.com, fungua sehemu ya huduma na usajili, kisha bofya kusitisha. Usithibitishe. Soma ukurasa unaofuata taratibu: kama akaunti yako inastahili Classic, hapo ndipo inapojitokeza. Usipoiona, zima malipo ya kujirudia. Muda uliokwisha kuulipia utaendelea kuutumia mpaka uishe.

Kwa wanaonunua laptop za mtumba kutoka Uingereza au Dubai, msilipie Windows mara ya pili. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika slmgr /dli. Ikisema OEM, leseni ilishalipiwa na mtengenezaji na imefungwa kwenye ubao mama: unaweza kufuta na kuweka upya toleo lilelile bure, lakini huwezi kuihamishia mashine nyingine. RETAIL, yaani iliyonunuliwa dukani peke yake, inahamishika. Ikisema VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni leseni ya taasisi, na lazima ifikie seva ya taasisi kabla ya siku 180 kupita, la sivyo uhalali wake unakatika na Windows inaanza kukudai uiwashe upya. Muuzaji akikwambia Windows ni halali na wewe unaona neno hilo, punguza bei au achana nayo.

Na ukitaka kujua kama wewe binafsi una pa kwenda, pima kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Office, na faili zako ngumu kuliko zote, siyo barua ya kurasa mbili. Kwanza hakikisha zipo fonti za Carlito na Caladea, maana zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, fonti za Office, la sivyo mistari itahama na utailaumu programu bure. Hati za kawaida zitafunguka vizuri. Panapokwama ni makro za Excel, yaani amri za kufanya kazi zenyewe zilizoandikwa kwa lugha ya VBA, ambazo nyingi hukatika njiani, na Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kusafisha data, ambayo haifanyi kazi kabisa. Kama kazi yako haigusi hivyo viwili, hiyo dola 99.99 hulazimiki kuilipa.