Maswali na majibu: karatasi kwanza, tisheti baadaye

Barua za safari hii zinahusu sanaa katika shule za serikali za Lubumbashi, Kongo (DRC), na mchango wa wazazi. Zilizouliza jambo moja nimezijibu kwa pamoja.

Mwalimu, shule ya msingi ni ya bure. Je, komite ya wazazi ina haki ya kutuomba franga za sanaa? (Mama, Katuba)

Kuomba, ndiyo. Kulazimisha, hapana. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 jambo hilo linatekelezwa. Kwa hiyo mtoto asirudishwe nyumbani, asinyimwe buletini (ripoti ya matokeo), wala jina lake lisisomwe mbele ya wenzake eti mzazi hajatoa. Ukiona hayo, huo si mchango tena, ni minervali (karo) iliyobadilishwa jina.

Ushauri wangu kwa komite zote: msikusanye pesa, kusanyeni vitu. Mmoja alete rimu ya karatasi, mwingine makala (makaa ya kuni), mwingine maboksi ya katoni. Asiye na kitu aje kutwanga udongo Jumamosi, na kazi hiyo iandikwe kama mchango kamili. Daftari liwe na tarehe, kitu, idadi, jina la aliyeleta na saini ya aliyepokea, na likae darasani, si ofisini kwa direkteri. Pesa ikipotea ni maneno matupu miezi mitatu. Karatasi zikipotea, mwalimu anajua Jumatatu asubuhi.

Na pigeni hesabu kabla ya kuomba. Darasa la watoto 55, karatasi moja kwa wiki, wiki 32: karatasi 1,760. Rimu moja ina 500, basi nne zinatosha na akiba inabaki. Mkizikata katikati, mbili zinatosha. Penseli ziwe 2B. Zile ngumu zinatoa mstari hafifu, mtoto anakandamiza, karatasi inachanika, halafu anaambiwa hajui kuchora.

Tumeagizwa tisheti na kitenge cha aina moja kwa dansi ya proklamasio, sherehe ya kutangaza matokeo ya mwaka. Hiyo ndiyo sanaa? (Papa, Ruashi, na wengine wengi)

Hapana, na nimechoka kulijibu swali hili kila mwaka ukikaribia mwisho. Watoto kumi wanachaguliwa, wanafanya mazoezi wiki mbili, waliobaki wanapiga makofi. Sanaa ni kipindi kilichomo katika programu ya taifa, kinachopaswa kuwa kwenye ratiba kila wiki. Nenda Septemba uombe kuona ratiba. Rudi Novemba uombe kuona kazi za watoto. Kama kipindi kimeandikwa lakini kinaliwa na hesabu au Kifaransa, hapo ndipo pa kusimama mkutanoni na kusema, wala si mwezi wa sita nguo zikiwa zimeshashonwa. Kuhusu matumizi, weka bei ya tisheti moja kando ya bei ya rimu moja, uone mwenyewe.

Rangi za dukani ni ghali. Tufanye nini? (Mwalimu wa darasa la tatu, komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Tazama chini, Mwalimu. Udongo mwekundu wa kichuguu unatoa rangi ya matofali, makala yanatoa nyeusi, pemba ya sokoni (udongo mweupe) inatoa nyeupe. Kwa watoto 55 tayarisha lita mbili kwa jumla: kama vijiko viwili vya supu kwa kila mtoto, na ziada kwa ajili ya watakaomwaga.

Twanga udongo mkavu, utie kwenye ndoo ya maji, koroga kwa nguvu. Hesabu hadi thelathini ili mchanga uzame, kisha mimina yale maji ya matope kwenye ndoo nyingine. Acha hadi asubuhi. Maji meupe ya juu yamwage. Tope laini lililobaki chini ndiyo rangi yako.

Gundi ni unga wa muhogo. Vijiko sita vya supu, uvichanganye kwanza na glasi moja ya maji baridi, kisha umimine polepole kwenye glasi nne za maji yanayochemka huku ukikoroga, dakika tatu hadi tano, mpaka uji uache weupe na uanze kung'aa. Ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto unapata mabonge, na mabonge hayo hayana dawa. Ikipoa, changanya kipimo kimoja cha gundi na kimoja cha tope. Paka kwenye karatasi, ikauke, pitisha kidole. Kidole kikitoka na vumbi, ongeza gundi. Rangi ikipasuka-pasuka, umepaka nene mno. Unga wa makala huelea juu ya maji na kukataa kuchanganyika. Matone machache ya maji ya sabuni yanaushusha. Tengeneza ya kutumia siku mbili tu, maana gundi ya muhogo inachacha na darasa zima litanuka.

Burashi? Bela, mmoja wa wachoraji wa Le Hangar, karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mjini hapa mwaka 1946, alichora kwa ncha za vidole. Ukosefu wa burashi haujawahi kuwa sababu ya kufuta kipindi.

Sasa maonyo ambayo hukuyauliza. Msisage malakiti ili kupata kijani. Jiwe ni zuri, lakini vumbi lake limejaa shaba na linadhuru likivutwa au kumezwa, na mtoto wa miaka minane hulamba vidole. Msitumie chokaa ya kupakia kuta badala ya pemba, inaunguza macho. Na msichimbe udongo karibu na bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba na mlima wake wa taka, wala kando ya mito inayopokea maji ya viwanda. Udongo wa huko una risasi, kadimiamu na aseniki. Upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo miaka mingi moshi uliangukia upande wa kaskazini-magharibi. Chukueni udongo mbali na huko, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Mwanangu anachora tu, hata kwenye daftari la hesabu. Nimkataze? (Mama, Kampemba)

Mpe daftari lake la kuchorea.

Anachora kwa mkono wa kushoto na mwalimu anamzuia. (Papa, Kamalondo)

Mwombe mwalimu amwache, na amkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto ili viwiko visigongane.

Komite inataka kununua kinanda cha umeme kwa ajili ya kwaya. Unasemaje? (Mjumbe wa komite, Katuba)

Msinunue. Umeme unakatika, adapta inaungua, na kinanda kinaishia nyumbani kwa mtu "kwa usalama". Tatizo la kwaya nyingi za shule si chombo. Mwalimu mwanaume anaanzisha wimbo kwa sauti yake mwenyewe, chini sana, watoto hawaifikii, wanageuza kuimba kuwa kelele. Aanzishe juu zaidi, hata kama yeye mwenyewe hapo hapafiki vizuri, au amwachie mtoto mwenye sikio zuri aanzishe.

Fedha hiyo inunue ngoma mbili, kubwa na ndogo. Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, ngozi hulegea. Iwekeni umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mbabula (jiko) wenye makaa, dakika kumi, huku mkiizungusha. Ikiwekwa juu kabisa ya moto inapasuka. Ziinueni kutoka sakafuni, zisigusane na ukuta wenye unyevu, na panya wasizifikie.

Mimi ni fundi wa kugonga shaba. Naweza kuwafundisha watoto? (Papa, Ruashi)

Papa, asante, na shule ikupokee kwa mikono miwili. Mji unaoishi kwa shaba una watoto wanaomaliza la sita bila kuigusa kwa kazi ya mikono.

Anza na la tano na la sita, watoto sita kwa zamu. Bati la shaba liwe jembamba, milimita 0.1 hadi 0.2, linalokubali kubonyezwa kwa mkono bila nyundo. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 15 nyumbani, na ukunje kingo zote kabla ya kuvileta, kwa sababu ukingo wa bati unakata kama wembe. Chini weka vipande vya mpira wa gurudumu. Kalamu ya biki iliyokwisha wino inatosha kuchora. Mwanzo wanachora upande wa nyuma, kisha wanageuza na kushusha mandhari kuzunguka picha. Wasipogeuza, picha inakaa bapa. Shaba ikibonyezwa sana sehemu moja inakuwa ngumu na kuchanika. Wewe unajua dawa yake, kuipasha hadi iwe nyekundu iliyofifia na kuitumbukiza majini, lakini hilo lifanyie kwako. Asidi ya kuipa rangi nyeusi isiingie shuleni kamwe.

Binti yangu anataka Beaux-Arts, shule ya sanaa, baada ya la nane. Baba yake anasema ni kupoteza miaka. (Mama, Kampemba)

Shule hiyo iliasisiwa na Laurent Moonens mwaka 1951, na kumaliza huko ni kumaliza sekondari: kuna Mtihani wa Serikali kama kwingine. Mwambie Papa hivyo kwanza. Kisha mwulizeni binti swali moja: amechora nini mwezi huu bila kuagizwa? Kama hana cha kuonyesha, msubiri. Kama anacho, akusanye michoro 10 hadi 15 aliyoichora kwa kutazama vitu vyenyewe: sufuria, mkono wake, kibanda cha jirani. Ile iliyonakiliwa kutoka kwenye simu aiache, mwalimu mzoefu anaitambua mara moja. Aiweke bapa kati ya katoni mbili, asiikunje. Tarehe aandike nyuma kwa penseli, si kwa biki, maana wino hutokeza upande wa pili.